Maneno Uliyokabidhiwa Mkekani

Mwanangu unayeandika tasnifu, najua saa unayoifungua ChatGPT. Ni usiku, msimamizi amerudisha sura ya pili imejaa wino mwekundu, ada ya muhula inadaiwa, na Kiingereza unachotakiwa kuandikia kinakugomea. Sikulaumu kwa kutafuta msaada. Nataka tuzungumzie unachokibeba kwenda nacho huko.

Mfikirie mama aliyekutandikia mkeka akakusimulia alivyofiwa na mtoto wakati wa kujifungua. Kabla ya kuwasha kinasa sauti ulimsomea fomu ya ridhaa, ukamwahidi kwamba maneno yake hayatatoka nje ya utafiti wako. Akaweka dole gumba. Leo unataka kuyamimina mahojiano yale yote kwenye mashine ya kampuni iliyo ng'ambo ili ikuchambulie dhamira kuu. Jina umelifuta, sawa, lakini kijiji kimebaki, na mwaka, na kazi ya mumewe. Jirani yeyote atamtambua. Hiyo ni amana, mwanangu. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Tanzania ikafuata mwaka 2022, na hata sheria hizo zisingekuwapo, ahadi uliyompa ingekufunga. Ukitaka kutumia mashine, mwombe ruhusa mapema, kwa lugha anayoielewa, na iandikwe kwenye fomu. Akikataa, kaa usome mwenyewe.

Tena kusoma huko ndiko utafiti wenyewe. Ukiirudia sauti yake utasikia alipositasita kabla ya kumtaja nesi. Kwenye karatasi hakuna kitu pale, na mashine uliyoipa karatasi haitajua. Wewe ulikuwapo.

Marejeo nayo usiyaandike kabla hujayafungua na kuyasoma. Juni 2023, jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000, katika shauri dhidi ya shirika la ndege la Avianca, kwa kuwasilisha hukumu zilizobuniwa na ChatGPT. Programu hizi hupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Mwandishi anaweza kuwa mtu wa kweli na makala yake isiwepo popote.

Nawageukia wasimamizi wenzangu. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walipima programu saba zinazodai kubaini maandishi ya mashine. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, zilihesabiwa kuwa za mashine. Wanafunzi wetu wako katika kundi hilo hilo. Kumwita kijana mwizi kwa sababu ya asilimia iliyotokea kwenye kioo ni dhuluma, na inauma, kwa kuwa Kiingereza chake kimeshamtia aibu tangu sekondari. Mwite ofisini, funga mlango, mwambie akueleze sura yake kwa mdomo, hata kwa Kiswahili. Aliyeifanya kazi ataieleza.

Nawe, mwanangu, usingoje kuitwa. Kunyoosha sarufi ya aya uliyoiandika mwenyewe sioni kosa, mradi chuo kinaruhusu. Taja katika sura ya mbinu ni programu gani na uliitumia kwa kazi ipi. Na kama yale mahojiano umeshayapakia, mwambie msimamizi wiki hii, kabla ya utetezi, mtazame pamoja ni yapi yanaweza kufutwa na nani anastahili kurudiwa nyumbani kwake kuelezwa.