Pete Iliyo Mchangani ni ya Nani?

Zamani waalimu wa maadili walipofundisha amri ya saba, walipenda kuuliza: mtu apita njiani, aona mfuko wa fedha umeanguka, mwenyewe haonekani, afanye nini? Swali hilo halikuwasumbua watu sana, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la nadra. Mtu aweza kuishi miaka sitini asiokote zaidi ya kisu kibovu na mwavuli uliovunjika. Lakini siku hizi kuna chombo kinachogeuza kuokota kuwa kazi. Mtu ashika fimbo yenye sahani mwishoni, avaa visikilizio masikioni, atembea polepole shambani au ukingoni mwa ziwa, na chombo chalia: hapa chini pana madini. Mtu huyu hangojei bahati, anaifuata. Ndiyo maana yafaa, ndugu msomaji, tulifikiri tena swali lile la kale.

Kwanza tukijue chombo chenyewe, tusije tukakidhania uganga. Ndani ya sahani ile mna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme wapita humo ukigeuka-geuka upesi sana, nao hutoa nguvu ya sumaku inayoshuka udongoni. Nguvu hiyo ikikuta kipande cha madini, umeme mdogo huzaliwa ndani ya kipande hicho, nacho hurudisha nguvu yake kidogo. Chombo huisikia, hulia. Ni hayo tu. Kwa kawaida sarafu husikika ikiwa sentimita 20 au 30 chini, wala si zaidi sana. Na udongo mwekundu wenye chuma kingi, kama huu wetu, hukisumbua hata kikalia bure.

Hakikuanza kwa ajili ya kutafuta utajiri. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na waganga wake hawakujua imekaa wapi mwilini. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alitengeneza chombo cha namna hii akakipitisha juu ya mgonjwa. Hakikufaulu, na Rais akafa mwezi wa Septemba. Katika Vita Kuu ya pili, afisa mmoja wa Polandi, Józef Kosacki, alibuni chombo cha kutafutia mabomu yaliyofukiwa ardhini. Waingereza walikitumia huko El Alamein mwaka 1942, na askari wengi walibaki na miguu yao kwa sababu yake. Chombo kile kile chaweza kumponya mtu au kumwibia.

Kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Kalemie alitumiwa chombo kipya na kaka yake aliye Ubelgiji. Alianza kwa akili. Siku ya kwanza hakwenda mbali; alifukia mwenyewe uani msumari, kifuniko cha chupa ya bia, karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, na pete ya mama yake. (Mama alisimama papo hapo asiondoke mpaka pete ilipofukuliwa, nami namsifu.) Akasikiliza sauti ya kila kimoja. Ndipo alipojua jambo ambalo kila mwenye chombo hiki hulijua upesi: pete nyembamba ya dhahabu na kipande cha alumini hulia karibu sawasawa. Anayekataa kuchimba takataka ataiacha na dhahabu.

Juma zima akatembea mchangani kando ya Tanganyika, mahali watu wanapooga na akina mama wanapofua nguo. Vifuniko vya chupa vilijaza kopo. Akapata ndoana, vijiko viwili, na maganda ya risasi. Na hapa niseme neno kando, maana nchi yetu imepita vitani: si kila chuma kilicho ardhini ni sarafu, na anayesikia kitu kikubwa asichopata kukijua asikigonge kwa jembe, aende kuwaita wanaojua. Kisha akapata franka 2 ya mwaka 1943, ile yenye pembe sita na sura ya tembo, ambayo wazee wetu waliishika wakati wa Wabelgiji. Na siku ya Ijumaa akapata pete ya ndoa, yenye herufi mbili na tarehe ya mwaka 2011 upande wa ndani.

Jioni alikuja kunionyesha.

"Baba, tazama. Hii si ya mtu tena. Ni mchanga ulionipa."

"Mwanangu," nikamjibu, "mchanga hauna vidole. Pete hii ilitoka kwenye kidole cha mtu."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Na hii franka ya tembo? Nayo nimtafute mwenyewe?"

Swali lake lilikuwa la haki kabisa, na si yeye wa kwanza kuliuliza. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alitenga vitu vinavyookotwa. Viko visivyopata kuwa na mwenyewe hata siku moja, kama lulu na mawe ya thamani yaliyo pwani: hivyo ni vya anayeviokota. Ziko hazina zilizofichwa zamani sana, ambazo mwenyewe hajulikani tena: hizo sheria ya nchi huzigawa. Viko vitu vilivyopotea karibuni, ambavyo mwenyewe hakuvitupa: anayevichukua kwa nia ya kuvificha ameiba. Naona mpango huu ni wa kweli hata leo. Ugumu ni kwamba chombo hulia sauti moja kwa vyote vitatu. Sikio haliwezi kuvitenga; yapasa kuangalia mwaka, herufi, mahali, na kujiuliza kama yuko mtu anayelala usiku akikitafuta kitu hicho moyoni. Franka ya mwaka 1943 hainunui kitu tena, na aliyeiangusha pengine amekwisha kufa. Hakuna anayeilia. Kijana na aiweke. Pete ya mwaka 2011 ni habari nyingine.

Lakini kuna jambo jingine ambalo chombo kimelibadili, nalo ni la ndani zaidi. Kaisari Hadriano wa Roma aliamuru kwamba mtu akikuta hazina katika shamba la mwenziwe, nusu ni yake na nusu ni ya mwenye shamba. Sheria ya Wafaransa ya mwaka 1804 iliandika vivyo hivyo. Watu wenye vyombo hupenda kuitaja nusu hiyo. Basi waisome vizuri. Sheria hiyo husema juu ya kitu kilichoonekana kwa bahati tupu: mkulima analima, jembe lagonga chungu. Warumi wa baadaye walisema wazi kwamba anayetafuta kwa makusudi katika shamba la mwingine bila ruhusa hana nusu. Yote ni ya mwenye shamba.

Mtu atajibu: "Hata mimi mwenye chombo sijui kitu kiko wapi, basi nami ninakiona kwa bahati." Jibu hili lina werevu, lakini halisimami. Mvuvi naye hajui samaki walipo; ila samaki wa ziwani hawana mwenyewe, na shamba linaye. Mwenye chombo hajui kitu kiko wapi, lakini ajua vema kwamba ardhi anayoichimba si yake. Hilo alilijua kabla hajatoka nyumbani. Mkulima hakuwa na nafasi ya kuomba ruhusa kwa chungu asichokijua; mwenye chombo alikuwa nayo, na kama hakuomba, ni kwa sababu aliogopa kuambiwa hapana.

Mtu wa Injili aliyekuta hazina shambani hakuibeba usiku. Aliuza vyote alivyokuwa navyo, akanunua shamba. Tomaso aliliona jambo hilo, akasema alinunua ili awe na haki juu ya hazina yote. Najua wengine wenu mtauliza kama alimwambia muuzaji kilichokuwamo. Mfano ule wahusu Ufalme wa Mungu, wala haukutolewa kutufundisha biashara ya mashamba. Tusiusukume kupita pale unapotaka kufika.

Nchi za Ulaya zimejibu swali hili kwa njia mbalimbali. Ufaransa, tangu sheria ya mwaka 1989, hairuhusu mtu kutafuta vitu vya historia kwa chombo hiki bila kibali cha serikali. Uingereza huruhusu kwa idhini ya mwenye shamba, lakini hazina ya kale yapasa itangazwe katika siku 14, na aliyeiona hupewa malipo. Katika nchi hiyo yametokea mambo mawili ninayopenda kuyaweka pamoja.

Tarehe 16 Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, mzee Eric Lawes alikwenda shambani na chombo chake kumtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea. Badala ya nyundo akakuta vijiko vya fedha, mikufu ya dhahabu na sarafu. Alipotoa kiasi, akaacha kuchimba, akatoa habari. Kesho yake wataalamu walikuja. Kwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa bado mahali pake, waliweza kujua jinsi vitu vilivyopangwa katika sanduku la mbao lililooza, visanduku vidogo ndani ya kikubwa. Zilikuwa sarafu karibu 15,000 za Warumi, zilizofukiwa mwanzoni mwa karne ya 5, wakati utawala wao ulipokuwa ukivunjika. Serikali ilitoa pauni 1,750,000, na mzee akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilionekana. Imewekwa pamoja na hazina huko British Museum, nami naona inastahili.

Mwaka 2015, karibu na Leominster, watu wawili walikuta hazina ya wakati wa Waviking: vitu vya dhahabu na sarafu zinazokadiriwa kuwa 300 hivi. Hawakumwambia mwenye shamba. Waliuza kwa siri. Mwaka 2019 walihukumiwa kifungo, na sarafu nyingi hazijapatikana. Wangalisema kweli, wangaliweza kupata sehemu yao ya malipo makubwa kwa amani. Na hapa si mwenye shamba peke yake aliyeibiwa. Sarafu zile zilikuwa na habari juu ya wafalme wawili wa Kiingereza walioishi miaka zaidi ya 1,100 iliyopita; kila moja iliyoyeyushwa au kufichwa imeondoka na neno lake. Mali yaweza kurudishwa. Neno lililopotea halirudishwi na mahakama.

Tusidhani kwamba haya ni ya Wazungu tu. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika Katanga yetu, wataalamu walianza kuchimba makaburi ya kale mwaka 1957, wakarudi tena baadaye. Walikuta wafu wamelazwa na vyungu vyao, na misalaba midogo ya shaba. Misalaba hiyo haikuwa ya dini yetu. Mafundi wa Katanga waliiyeyusha na kuimimina hivyo karne nyingi kabla ya misioni ya kwanza. Kwa kuangalia misalaba imewekwa wapi juu ya mwili, kifuani au kiunoni au mkononi, na jinsi ilivyozidi kuwa midogo na kulingana ukubwa, wataalamu waliona jinsi kitu cha heshima kilivyogeuka polepole kuwa fedha ya sokoni. Fikiri sasa mtu angalipita pale usiku na chombo chake. Angalipata shaba ya kilo chache, akaiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Sisi tungalibaki tukiamini kwamba mababu zetu hawakujua fedha mpaka walipoletewa ile ya tembo. Tena lile ni kaburi. Aliyelazwa mle hakupoteza kitu. Aliwekewa na watu waliompenda, nao hawakuwaza kwamba mtu atamwomba akirudishe.

Nirudi kwenye pete. Kijana alinieleza hoja ya mwisho, nayo ni ya watu wengi: "Aliyeweza kununua dhahabu si maskini. Mimi ni maskini." Sijadharau maneno haya, najua bei ya unga. Lakini pete ya ndoa mara nyingi ndiyo dhahabu pekee iliyomo nyumbani, iliyonunuliwa kwa madeni, na mama aliyeipoteza akifua huenda alisumbuliwa na mumewe kwamba ameiuza. Umaskini wa aliyeokota hauondoi umaskini wa aliyepoteza. Yapasa kutafuta kadiri ya thamani ya kitu: kwa sarafu moja hakuna haja ya kupiga mbiu, kwa pete ya ndoa ipo. Katekista atangaze baada ya Misa, na mwenye chombo awaulize wanaofua pale. Wasitaje herufi wala tarehe. Anayesema ni yake ndiye azitaje.

Njia hii ni ya kale. Mtakatifu Augustino aliwahubiria watu wake habari ya maskini mmoja wa Milano, mtumishi wa shule, aliyeokota mfuko wenye sarafu za dhahabu karibu 200. Akabandika tangazo hadharani. Mwenyewe alipokuja, maskini alimwuliza alama: mfuko ni wa namna gani, muhuri gani, fedha ngapi. Yote yakalingana, akampa. Mwenyewe kwa furaha akamtolea 20. Akakataa. Akamtolea 10, kisha 5. Akakataa. Basi yule mwenyewe akakasirika, akautupa mfuko chini akisema: kama hupokei kitu kwangu, hata mimi sikupoteza kitu. Maskini akashindwa, akapokea, na saa ile ile akawagawia maskini wenzake, asipeleke hata sarafu moja nyumbani kwake.

Kijana wetu hakuahidi kufanya kama huyo wa Milano, wala sikumdai. Akipewa kitu na mwenye pete, akipokee. Kazi ya juma zima ina haki yake. Pete imo katika bahasha kwa katekista, na tangazo limesomwa Jumapili mbili. Wanawake watatu wamekwenda. Hakuna aliyezitaja herufi.