Mchoraji wa Majabali na Deni la Ukweli

Liko swali ambalo mchoraji wa rangi za mafuta hulikuta mapema, nasi walimu wa lugha hulikuta kila tufundishapo kuandika muhtasari: mtu aachapo nusu ya aliyoyaona, je, amesema kweli? Na tulipime kwa jabali, maana jabali ni gumu kuchorwa. Lina nyufa, mikunjo na madoa ya kuvu, na kila upande wake hupokea nuru kwa namna yake.

Mwaka 1853 Mwingereza John Everett Millais alikwenda Uskochi, akaanza kumchora mwandishi John Ruskin akiwa amesimama juu ya mawe kando ya kijito. Ruskin ndiye aliyewahimiza vijana wa zama zile wayafuate maumbile bila kuchagua wala kudharau kitu. Millais akatii: kila mshipa wa jiwe ukaingia turubaini. Kazi ilikwisha mwaka 1854. Ni picha ya kustaajabisha, wala siikejeli. Lakini hebu tufikiri: jua lilizunguka mara ngapi juu ya mawe yale? Kivuli cha asubuhi hakimngoji mchoraji hadi jioni. Basi picha iliyokusudia kutoacha kitu yatuonyesha saa ambayo haikupata kuwako.

Tena rangi zenyewe ni maskini. Nyeupe haiwezi kurudisha nuru zaidi ya inayoipokea, na nyeusi ya mafuta bado hurudisha sehemu chache katika mia. Kwa hiyo nyeupe huizidi nyeusi kwa mara makumi tu, ilhali nje, uso wa jiwe uliopigwa na jua la adhuhuri waweza kulizidi pango lililo chini yake kwa mara mamia. Kupunguza, basi, si hiari. Atakaye asitake, mchoraji atapunguza.

Ndiyo maana mafundi hufinya macho mpaka vitu vidogo vipotee, wakabaki na mafungu mawili: upande wa nuru na upande wa kivuli. Hapo wana sharti moja kali: sehemu iliyo angavu kuliko zote kivulini isiishinde ile iliyofifia kuliko zote nuruni. Nyufa mia waweza kuziacha, na jabali likasimama. Uvunje uwiano huo, jabali litageuka tambara lenye madoa.

Mfaransa Paul Cézanne alilijua jambo hili. Kuanzia mwaka 1895 alikodi kibanda katika machimbo ya Bibémus, karibu na Aix, akachora kuta za mawe yale ya manjano iliyoiva. Rangi zake alizikusanya katika ukoo mmoja wa udongo mwekundu na manjano, vivulini akatia buluu na zambarau, na miti akaifanya mabaka ya kijani. Hata sisi tunaozijua picha hizo vitabuni tu twauhisi uzito wa jiwe.

Lakini yuko mwingine afanyaye kazi inayofanana na hiyo. Huyu alifundishwa kwamba nuru ni ya manjano na kivuli ni cha buluu, basi kila jabali hulipaka hivyo, kabla hata hajalitazama. Huyo ndiye mwongo, hata akichora nyufa zote. Cézanne alipunguza baada ya kuona. Huyu amepunguza ili asione. Nasi tusijitoe. Mwisho wa muhula twaandika juu ya mtoto neno moja, "mvivu", na neno hilo humfuata darasa hata darasa. Neno moja si kosa, kwani nafasi ya ripoti ni finyu kuliko turubai. Swali ni kama mwandishi alimtazama mtoto kwanza, au alilirithi neno kwa mwalimu aliyemtangulia.

Yupo atakayepinga: mawe ya Bibémus yalijenga majumba ya Aix, mbona wachimbaji hawamo pichani? Pingamizi hilo ni zito. Cézanne alipofika, machimbo yalikuwa yamekwisha kuachwa, hata hivyo mikono ya watu ilikuwa imeandika kutani. Kingo zile zilizonyooka na pembe zile kali hazikuchongwa na mvua. Angeweza kuzilainisha zifanane na majabali ya porini, kama alivyoacha mengi mengineyo. Hakuzilainisha.