Baraza Ilikuwa ya Nani?

Katika Mtaa wa Sikukuu au Narung'ombe, kwa atazamaye juu ya vibao vya maduka, bado laonekana hapa na pale paa la mabati yenye kutu, limebanwa kati ya maghorofa. Hayo ndiyo masalio ya nyumba ya Kiswahili iliyoipa Kariakoo sura yake.

Umbile lake lajulikana: mlango mmoja, ukumbi mrefu wa kupita katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha uani penye jiko na choo. Mitaa ilipimwa kwa mistari iliyonyooka. Jina likatokana na kambi ya wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya 1914–1918, Carrier Corps. Mistari ilikuwa ya wageni, lakini nyumba zikajengwa kwa desturi ya Mrima. Mbele ya kila moja, baraza.

Mwenye nyumba alipangisha vyumba, baraza hakuipangisha. Mzee aliyeketi pale kila alasiri, muuza kahawa na dele lake, wacheza bao: hakuna aliyeomba ruhusa, wala aliyefukuzwa. Basi nyumba inapouzwa ili ghorofa lipande, kipande kile huuzwa na nani? Hati yamtaja mmiliki tu. Haki isiyoandikwa, je, yafutwa na iliyoandikwa?

Ni rahisi kuwalaumu warithi, tena si haki. Vyumba sita, warithi kumi na mmoja, watoto wa mama mbalimbali. Mjane adai thumni yake, na binti aliyeolewa mbali adai fungu lake. Ukumbi haugawiki, fedha hugawika. Auzaye huenda ndiye pekee anayemtimizia yatima haki yake. Anayeliona jambo hili jepesi hajapata kuketi katika kikao cha mirathi.

Lawama, kama ipo, imwendee mchoraji wa ghorofa, anayesukuma fremu za maduka hadi ukingo wa njia. Zege halikatai kivuli: Beda Amuli, aliyesanifu soko la Kariakoo katika miaka ya 1970, aliliezeka kwa mapaa ya zege mithili ya miavuli, na watu wakajaa chini yake.

Siku hizi wazee hungoja maduka yafungwe, wakaketi kwenye ngazi za ghorofa. Mlinzi, kijana wa makamo ya wajukuu zao, huja kuwainua. Huanza kwa kuwaamkia: "Shikamooni, wazee."