Jiwe na Mti

Penye magofu ya kale huzuka swali zito: je, ni haki kuukata mti ulio hai ili kulisalimisha jiwe lisilo na uhai? Swali hilo lilikuja na moto huko Olympia, Ugiriki, mwezi wa Agosti 2007. Mwezi huo moto wa misitu uliua watu zaidi ya 60 nchini humo. Ulipofika Olympia uliiteketeza misonobari ya kilima cha Kronos, kinachoyatazama magofu kwa karibu. Hekalu na makumbusho vilinusurika.

Hekalu hilo la Zeus lilikamilika yapata mwaka 456 kabla ya Kristo. Nguzo zake ni za mawe ya chokaa yaliyojaa makombe ya baharini, nayo yalipakwa lipu nyeupe yafanane na marumaru. Mtu wa pwani, aliyezaliwa katika nyumba ya matumbawe na chokaa, hahitaji kuelezwa zaidi. Ajua pia kazi ya tanuri la chokaa: jiwe huingia gumu, hutoka unga. Moto wa msitu haudumu kama wa tanuri, lakini watosha kulipasua jiwe na kulimenya uso wake. Na nakshi ikishabanduka hairudi.

Kwa hiyo wako wasemao misonobari yote ifyekwe. Mti huo una utomvu mwingi, na majani yake yakikauka hushika moto mithili ya makumbi. Mti huota tena, wasema, nguzo haioti.

Hoja hiyo ina nguvu, ila ina kasoro. Uwanja mtakatifu wa Olympia uliitwa Altis, yaani msitu mtakatifu. Ibada ilikuwapo hapo karne nyingi kabla ya hekalu kujengwa, na mshindi wa michezo alivikwa taji la matawi ya mzeituni mwitu uliomea papo hapo. Afyekaye yote huliokoa jiwe akaipoteza maana yake. Baada ya moto kilima hakikuachwa kipara. Kilipandwa miti upya.

Hata hivyo, asemaye miti isiguswe kamwe naye hukosea. Kwa karne nyingi mbuzi wa vijiji vya Ugiriki walikula vichaka, watu waliokota kuni, na mashamba ya mizeituni yalipaliliwa. Wengi walipohamia mijini, vichaka vilisongamana, na moto ukapata chakula kilichorundikwa na kutokuwapo kwa watu. Kuacha nako ni tendo, na mwenye kuacha ana dhima.

Njia ya haki ni utunzaji: kupogoa matawi ya chini yasiwe ngazi ya moto, kuzoa majani makavu kabla ya kiangazi, kupunguza miti iliyobanana na kuibakiza iliyo na nafasi. Kazi hiyo haina sherehe, na kila mwaka huanza tena.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Penye magofu methali hiyo huzidi uzito, kwani ukuta wa kale ukianguka hakuna awezaye kuujenga ukawa ule ule. Mwaka 2021 moto ulirudi jirani na Olympia, na magofu yakasalimika tena. Kunusurika mara mbili hakumpi mtu ruhusa ya kulala. Jiwe halijui kujilinda, wala mti haujui kujipogoa. Vyote viwili ni amana mikononi mwa walio hai.