Kabla Hujamwachisha Mtoto Maziwa ya Ng'ombe

Mwanangu, keti kidogo. Najua una haraka. Hapa Wendani kila mtu ana haraka. Kabla ya jua kuchomoza watu tayari wamepanga foleni stejini. Lakini jambo hili ni la mjukuu wangu, na halisemeki ukiwa umesimama mlangoni.

Umeniambia mtoto amepita mwaka mmoja, nyama hamtampa, na sasa mnataka kuacha maziwa ya ng'ombe pia. Sikukatazi. Sisi ni Wasabato. Kanisa halikutulazimisha, tulichagua wenyewe, na ninyi nyote mlikua bila nyama. Ila hayo ni maamuzi mawili, mwanangu, na la pili ni zito kuliko la kwanza.

Watazame Waoshwal wa Thika. Wao ni Wajaini. Tangu mababu zao hawali nyama, samaki wala mayai, na watoto wao wanakua vizuri. Lakini kwa desturi yao jikoni hamkosi maziwa, mtindi na samli, pamoja na dengu za kila aina. Nyama waliiacha, maziwa wakayashika.

Kuna jambo jingine lililofanyika karibu nasi, Kyeni kule Embu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliingia katika shule 12 za msingi. Kuna watoto waliopewa githeri iliyoongezwa mafuta, wengine githeri na maziwa, wengine githeri yenye nyama, na wengine hawakupewa chakula. Watoto wengi walianza wakiwa na upungufu wa vitamini B12. Waliopata nyama au maziwa, upungufu ulipungua. Wa githeri na mafuta walishiba, lakini B12 haikupanda. Vitamini hiyo haimo katika sukuma, wala maharagwe, wala wimbi. Haimo katika soya pia, mpaka mtengenezaji aiongeze. Damu inaihitaji, mishipa ya fahamu inaihitaji, na ubongo wa mtoto wa umri huo unaihitaji kuliko wetu. Upungufu wake haupigi hodi. Mtoto anacheka, anacheza, na huku anapungukiwa.

Nakwambia haya kwa sababu nimeyaona. Kifungua mimba wangu aliharisha kila akinywa maziwa. Sikumuuliza mtu. Nikamwachisha siku hiyo hiyo, nikaanza kumpa tui la nazi lililochanganywa na maji ya mchele. Lilikuwa jeupe, alilipenda, nami nikatulia. Siku ya kliniki nesi alitia nukta kwenye kijitabu cha mtoto, akaziunganisha kwa kalamu. Mstari wa uzito ulikuwa umelala. Kisha akamvuta mtoto kope ya chini kwa kidole gumba, akaniambia nitazame. Ndani, mahali panapopaswa kuwa pekundu, palikuwa pamepauka. Tui ni mafuta. Protini yake ni kidogo mno. Maji ya mchele ni wanga tu, na siku hizi Uingereza wanawaambia wazazi wasiwape watoto wa chini ya miaka 5 vinywaji vya mchele badala ya maziwa, kwa sababu ya sumu ya aseniki. Ilinichukua muda mrefu kuuinua ule mstari. Kuushusha kulikuwa rahisi.

Kwa hiyo, kama bado unanyonyesha, usiache. Shirika la Afya Duniani linasema mama anyonyeshe mpaka miaka 2 na zaidi. Ukirudi jioni umechoka, mnyonyeshe. Ila kama na wewe umeacha maziwa na mayai, B12 yako mwenyewe itafutiwe dawa, maana mtoto anaipata kwako.

Ukitafuta cha boksi, chukua maziwa ya soya yasiyo na sukari, yaliyoongezwa kalsiamu, B12 na vitamini D. Soma maandishi madogo pale pale dukani. Ukifika nyumbani litikise boksi vizuri kabla ya kumimina, kwa sababu kalsiamu hutuama chini. Ya lozi ni maji mengi, protini kidogo. Ya soya ya kusaga nyumbani ni chakula kizuri, mradi yachemke sawasawa, lakini hayajaongezwa kitu, basi usiyahesabu kuwa yamechukua nafasi ya maziwa. Na ya mbuzi? Kama mwili wa mtoto unaikataa protini ya ng'ombe, mara nyingi utaikataa ya mbuzi pia. Kama shida ni sukari ya maziwa, pengine mtindi utamkalia vizuri. Daktari ndiye wa kutofautisha, si mimi, wala jirani.

Sasa unga wa uji. Najua umeona akina mama wakipeleka kinuni wimbi, mtama, soya, njugu na mchele, vyote gunia moja. Usifanye hivyo. Njugu chache zenye ukungu zinaharibu unga wote. Mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi iliua watu 125 huko Ukambani na jirani zake. Si jambo la kuchezea. Soya nayo ikisagwa mbichi inahitaji moto mrefu kuliko uji wako wa asubuhi. Saga wimbi peke yake. Katika gramu 100 za wimbi mna kalsiamu zaidi ya miligramu 300, ingawa uji mwepesi ni maji zaidi kuliko wimbi, basi upike mzito. Ponda avokado humo. Njugu nzima usimpe, atapaliwa.

Ndengu za Githurai ni za bei nafuu, zipike mpaka zilainike, kamulia limau ili madini ya chuma yaingie mwilini. Chai isikaribie sahani hiyo. Mtoto atatema. Kesho mpe tena, na kesho kutwa. Mtoto anahitaji kukutana na chakula mara nyingi kabla ya kukikubali, na mama mwenye haraka huacha mapema.

Wiki hii, kabla hujanunua hilo boksi, mpeleke kliniki na kijitabu chake. Mwambie nesi wazi kwamba hali nyama na kwamba mnataka kuacha maziwa. Omba damu ipimwe, uliza kuhusu matone ya B12. Nikabidhi mimi huo mfuko wa ofisini, nitakusindikiza mpaka stejini.