Bluu ya Kufulia

Rangi ilipotokea, mimi ndiye niliyeshtuka kwanza. Binti alikuwa bado kainamisha kichwa kwenye sinki, maji yanachuruzika, hajajiona. Karibu na ngozi nywele zilikuwa za njano kama kiini cha yai. Katikati zilikuwa karoti. Kwenye ncha zilikuwa na wekundu wa kutu, kama bati la zizi lililopigwa na masika ya miaka kumi. Rangi tatu kichwa kimoja, siku ya Alhamisi, na sendofu ya dada yake ni Jumamosi. Yeye ndiye mpambe.

Wengi huiita rangi ya chungwa. Mimi nasema karoti, maana machungwa tunayouziwa huku yana ganda la kijani.

Fremu yangu ipo Moshono, kando ya barabara iendayo Kijenge, kati ya duka la Mangi na fundi cherehani. Viti viwili, draya moja, sinki moja, na rafu ya chupa ninayoipangusa kila Jumatatu. Nasimulia haya kwa kuwa kila mwezi hakosekani anayeingia na kichwa cha karoti, kafunga mtandio hadi kwenye nyusi, akitaka niiondoe rangi ile. Na dawa anayoitegemea ni ileile niliyoitumia mimi: blichi ya pili.

Asubuhi ile ya Alhamisi, kabla sijampaka blichi, nilimuuliza, kama ninavyowauliza wote, ameweka dawa ya kunyoosha nywele lini. "Muda, dada," akajibu. Mimi nikaridhika na jibu hilo, kana kwamba "muda" ni mwezi kwenye kalenda. Ilikuja kujulikana kwamba dawa aliiweka Pasaka, na sasa tulikuwa Juni. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, zaidi kidogo kwa wengine, kwa hiyo karibu nywele zote nilizozishika zilikuwa zimekwisha kupitishwa kwenye dawa. Halafu kulikuwa na kanta. Nywele zilipoanza kupauka alijipaka kanta, ile rangi nyeusi ya nywele, mwenyewe nyumbani, mara mbili. Hakuitaja, na simlaumu. Kwake kanta haikuwa dawa wala rangi. Ilikuwa kanta tu. Kuuliza kulikuwa kazi yangu.

Jambo ambalo sikulielewa siku ile, ingawa nilikuwa msusi wa miaka mingi, ni hili. Nywele nyeusi si nyeusi tupu. Ndani yake mna rangi za asili za namna mbili: moja nyeusi-kahawia, iitwayo eumelanini, na nyingine ya wekundu na njano, feomelanini. Blichi huanza kuila ile nyeusi. Ile nyekundu ni sugu, hubaki nyuma. Basi kichwa cheusi kikipakwa blichi hupita kahawia, kikafika nyekundu, kikafika karoti, kikafika njano, na mwisho kabisa njano ile iliyofifia ya upande wa ndani wa ganda la ndizi. Hakuna njia ya mkato. Karoti ni kituo tu cha safarini, na binti yule alikuwa ameshushwa hapo. Karibu na ngozi alikuwa amekwenda mbali zaidi kwa sababu joto la kichwa huharakisha blichi. Kwenye ncha, kanta ilikuwa imemng'ang'ania.

Mimi niliona uchafu. Niliona kazi mbaya inayotaka kusuguliwa.

Hata hivyo Alhamisi ile nilimwambia aende nyumbani akapumzike, tutaangalia. Pengine tungeponea hapo. Lakini jioni alivua mtandio mbele ya bibi yake, ambaye nyumba nzima humwita Koko, kama Waarusha wanavyowaita bibi zao. Koko akamtazama kwa muda, kisha akauliza, "Huyu mtoto amepata unyafuzi lini?"

Aliyesoma shule ya msingi nchini humu anaukumbuka mchoro ule: mtoto mwenye tumbo lililojaa, miguu iliyovimba na nywele za rangi ya shaba. Ukosefu wa protini. Koko alikuwa anatania, lakini utani wake ulikuwa na elimu kunizidi mimi. Nywele yenyewe ni protini, keratini, na blichi haitoi rangi tu. Huondoka na sehemu ya mwili wa nywele.

Saa kumi na mbili alfajiri Ijumaa binti yupo mlangoni kwangu, macho yamevimba. "Dada, itoe. Nakuomba itoe."

Nikapanda daladala mpaka mjini, nikarudi na krimu ya kuchanganyia namba 40. Siku ya kwanza nilitumia 20. Namba hizi wateja huzisoma kama namba za viatu, na wasusi wengine pia. Kumbe 20 ni peroksaidi ya asilimia 6, 30 ni asilimia 9, na 40 ni asilimia 12. Namba yenyewe ni lita za oksijeni zinazoweza kutoka katika lita moja ya maji yake. Muuzaji aliniambia hii ndiyo kiboko. Nikaikoroga na unga wa blichi, nikapaka kichwa kizima, kuanzia kwenye ngozi hadi kwenye ncha, juu ya nywele zilizokwisha kupigwa jana yake. Nikafunika na nailoni. Nikamwingiza kwenye draya.

Akasema inawasha. Nikamwambia vumilia kidogo, mdogo wangu, urembo una gharama zake. Sentensi hiyo nimeisikia kwa wasusi wenzangu tangu nikiwa mwanafunzi wa kufagia nywele, na sijawahi kusikia ikitangulia jambo jema.

Nilipomsuuza, nywele zilikuwa mlenda. Sina neno jingine. Ziliteleza kati ya vidole, zikafuata mkono. Nilichukua moja ikiwa imelowa nikaivuta taratibu: nywele nzima huvutika kidogo, kisha ikarudi. Hii ilivutika kama chingamu, ikabaki hivyohivyo, ikakatika. Sehemu ya katikati ya kichwa, pale dawa ya Pasaka ilipokuwa imepita juu ya dawa ya zamani, ilikatika yenyewe kwenye taulo. Dawa ya kunyoosha hufanya kazi kwa kuvunja vifungo vya salfa vinavyoishikilia nywele. Vilivyosalia, blichi yangu ilivimaliza.

Na karoti? Ilikuwepo bado, imepungua kidogo tu.

Mama yake alifika saa tano. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi kwenye kiti cha pili akiutazama mkeka wa nywele sakafuni. Nilitegemea kelele. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Wewe una watoto wa shule?" Nikasema ninao wawili. "Shati jeupe likianza umanjano, unalimwagia Jik juu ya Jik mpaka litoboke? Au unatia bluu?"

Nilikaa kimya. Kila mwanamke aliyefua sare anajua kazi ya bluu ya kufulia, ile ambayo wazee waliiita nili. Umanjano hauondoki. Ubuluu unaufuta machoni, shati linaonekana jeupe, na uzi haujaguswa. Kichwa kinafuata kanuni ileile, ila lazima ujue rangi ipi inaizima ipi. Njano huzimwa na zambarau. Karoti huzimwa na buluu. Nyekundu huzimwa na kijani. Ndiyo maana wengi hununua shampuu ya zambarau, wakaisugua kwenye kichwa cha karoti wiki nzima, kisha wakasema ni feki. Si feki, ni ya njano. Karoti inataka ya buluu. Dakika tatu hadi tano zatosha, mara moja kwa wiki, kwa sababu nywele zilizopigwa blichi zimetoboka na hunywa rangi haraka. Ukijisahau, ncha zinakuwa za majivu. Anayetaka tona ya kuchanganya asivuke asilimia 3. Anayeweza, achague rangi isiyo na amonia wala peroksaidi, inayotua juu ya nywele bila kuifungua.

Na nitangulize kusema, maana najua kuna atakayejaribu: bluu ya sabuni ibaki kwenye beseni. Ni ya pamba, si ya ngozi ya kichwa.

Kwa yule binti, siku ya Alhamisi, njia ilikuwa rahisi kuliko yote. Ilikuwa kushuka. Rangi ya kahawia iliyopoa, isiyo na amonia, nusu saa, karoti ingemezwa, naye angekwenda sendofu na kichwa cha rangi ya kahawa ya maziwa. Ile rangi ya dhahabu aliyonionyesha kwenye simu ingesubiri miezi, pengine isingefika kabisa kwenye nywele za dawa. Lakini kumwambia mteja "haiwezekani" wakati kalipa ni maneno mazito, na mimi nilikuwa mwoga.

Majirani walinitafutia kisingizio: eti ni maji. Maji ya huku chini ya Meru yana floraidi, hilo ni kweli, na meno ya kahawia ya wengi wetu ndiyo ushahidi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na zipo chemchemi nyingi za mlima huu zinazopita hapo. Lakini floraidi huharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanajengeka. Haipaki nywele rangi. Kinachopaka ni chuma cha bomba na tenki lenye kutu. Na jua, naam. Tupo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, jirani na ikweta, na ubuluu wa tona ndio huchuja upesi, karoti ikachungulia tena. Pasi ya nywele nayo huchangia. Kwangu, siku ile, havikuhusika.

Mchana nilizikata nywele zake kwa mkasi, zikabaki vidole vitatu. Nikampaka kahawia. Nikamfunga kilemba kwa kitenge cha sare ya ukoo. Pesa nikairudisha yote, mama akaipokea bila kuhesabu. Jumamosi nasikia alicheza mpaka viatu akavivua.

Jumanne Koko alikuja mwenyewe, na fimbo, akakaa kwenye kiti cha mbele ya kioo bila kukaribishwa. Akavua kitambaa. Mvi zake zilikuwa na umanjano, kama zinavyokuwa za bibi aliyekaa jikoni kwenye moshi wa kuni maisha yake yote.

"Nasikia siku hizi unatia bluu," akasema. "Nitilie na mimi."

Nikainua mkono kwenye rafu, nikashusha chupa ya zambarau iliyokuwa karibu na ile ya buluu. Nikampaka, nikahesabu dakika tatu kwa saa ya ukutani, nikamsuuza kwa maji ya vuguvugu. Mvi zilitoka nyeupe, safi. Akajitazama upande huu na upande ule. Kisha akaishika chupa, akaigeuza, akanitazama kupitia kioo.

"Hii umenunua jana?"

"Hapana, Koko," nikasema. "Ipo hapo tangu Januari."