Mafua na Jirani wa Safarini

Ukisimama Garsen asubuhi, ewe msomaji, utaona watu wasiojuana wakikutana. Hapo huungana njia za Malindi, Lamu na Hola, na ndani ya basi moja utamkuta mkulima Mpokomo na kikapu chake cha maembe, mfugaji Muorma aendaye mnadani, mwanafunzi na sanduku lake, na mama aliyepakata mtoto mchanga. Wote huvuta hewa moja. Akiwapo mmoja mwenye homa ya mafua, je, kinga ni juu ya nani: aliye mzima, au mgonjwa mwenyewe?

Wengi hujibu upesi kwamba kila mtu ajilinde. Jawabu hilo lina ukweli wake. Mtu mzima aweza kunawa mikono kwa sabuni, kuacha kujigusa macho na pua, na kufungua dirisha, ijapokuwa vumbi litaingia (na vumbi la Tana si mchezo). Iko na chanjo pia, ambayo hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi vya mafua hubadilika. Lakini abiria aliyebanwa katikati ya kiti atajitenga aende wapi? Na mtoto wa chini ya miezi sita hapewi chanjo hiyo, wala hajui kugeuza uso.

Mimi mwenyewe ni mwalimu wa afya darasani, na nilikosa. Muhula ulikuwa unaanza, nami sikutaka kuchelewa chuoni. Nikapanda basi hapo Garsen kwenda Malindi, safari ya zaidi ya kilomita 100, hali mwili unaniwaka. Kando yangu aliketi bibi kizee na mjukuu wake. Nilipokohoa alinipa pole, akanimiminia maji katika kikombe chake. Niliona haya kukataa ukarimu wa mtu mzima, nikanywa, nikamrudishia. Punde mjukuu naye akanyweshwa kwa kikombe kile kile, nami nikanyamaza. Hata leo sijui kama mtoto yule aliugua.

Homa kuu ya mwaka 1918 iliingia Mombasa kwa meli mwezi wa Septemba, ikapanda bara pamoja na abiria wa reli. Wasafiri wale hawakujua walichokibeba. Sisi twajua, twajua hata kwamba mtu huweza kuambukiza siku moja kabla hajajihisi mgonjwa. Basi udhuru wao si wetu.

Tena kuna jambo linalonisumbua. Mwaka 2020, wakati wa korona, Serikali ya Kenya iliamuru barakoa katika magari ya abiria, na tulizivaa. Amri ilipoondolewa, tulizivua siku ile ile, na tangu hapo mwenye mafua hupanda basi uso wazi kama zamani. Je, tulikuwa tukimhurumia jirani, au tukimwogopa askari wa kizuizini?

Hivi karibuni nilisafiri tena nikiwa na kikohozi, kwa kuwa sikuwa na budi. Nilivaa barakoa, na jirani yangu, mama wa makamo, aliponyosha mkono nikauweka wangu kifuani. “Shikamoo, mama,” nikamwambia, “uniwie radhi, sikupi mkono, nina mafua.” Nilidhani atachukia. Alicheka, akaitikia marahaba, kisha akasukuma kioo cha dirisha mpaka mwisho.